Mume wa Kliniki

Sisi tunaoishi karibu na mwalo wa Makoko, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hatuhitaji kalenda ya ukutani. Mwezi ukiwa giza, wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao, na nyumba zinapumua. Mwezi ukipevuka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inavutwa mchangani, na wanaume wanakaa nyumbani siku nane, siku kumi. Hizo ndizo siku za wanawake kupigwa. Nasema bila kuzunguka kwa sababu nimechoka kusikia watu wazima wakiita jambo hilo ugomvi wa ndani. Ukuta kati ya chumba changu na cha Gaudensia haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mara ya kwanza niliongeza sauti ya redio.

Mimi ni Benedikta, ila hapa naitwa Mama Hilda. Kwetu ni Butiama, kwa wakulima wa mihogo na mtama, na mjini Musoma ninauza uji na maandazi mwaloni kila asubuhi. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Gaudensia, jirani yangu wa ukuta mmoja, ingawa mkono wangu umo ndani yake na sitauficha.

Gaudensia alizaliwa hapahapa Makoko. Baba yake alizama na mtumbwi yeye akiwa darasa la kwanza, na mama yake akaanika dagaa mpaka kifua kikamwondoa. Alimaliza kidato cha nne akapata sifuri, sawa na nusu ya darasa lao. Akafua nguo za watu, akauza vocha chini ya mwavuli, akafagia saluni ya mwenye roho mbaya aliyemlipa kwa mabaki ya rasta. Alipofika miaka ishirini na mbili akarudi kwenye kazi ya mama yake, kwa sababu hakukuwa na nyingine.

Sasa nieleze mambo ya mwaloni, maana wasiofika huku hudhani samaki ni wa mwenye hela. Mtumbwi ukifika alfajiri, kila mtumbwi una mwanamke wake, na ndoo za kwanza ni zake huyo. Wewe usiye wa mtumbwi wowote utasubiri mpaka mwisho, upewe dagaa waliokanyagwa na mabuti, mchanga nusu. Namna mwanamke anavyokuwa wa mtumbwi kila mtu anaijua na hakuna anayeitangaza. Gaudensia alianika makombo miezi minane, akichekwa. Mwezi wa tisa akaanza kupewa ndoo za kwanza, na wote tukajua amemkubali Revocatus.

Revocatus alikuwa mwendesha injini, kijana wa miaka ishirini na saba kutoka Kibara, upande wa Bunda. Siwezi kusema uongo, hata mimi nilimpenda. Alikuwa na kicheko kikubwa, alikula maandazi yangu sita na kulipa palepale, na akikuta mtoto analia alimnunulia pipi. Ndani ya wiki chache akahamia kwa Gaudensia na begi moja. Mwezi wa kwanza ulipopevuka walikuwa wanapika pamoja nje, wanataniana. Mwezi wa pili alimng'oa jino. Kosa la Gaudensia lilikuwa kuchelewa kufungua mlango. Nilimkuta asubuhi akilitafuta kwenye vumbi kwa tochi ya simu, na jua lilishatoka. Sikumuuliza analitafutia nini.

Baada ya hapo mimba ikaingia.

Gaudensia alikwenda kliniki peke yake. Nesi mmoja aliyeitwa Sara, mpole lakini mwenye kazi nyingi, akamwambia arudi na mwenza wake ili wapimwe pamoja. Hospitali ile waliokuja wawili ndio walihudumiwa kwanza. Aliyekuja peke yake aliambiwa akae, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hana mume. Mwenyekiti wetu alikuwa akinywa bia za Revocatus. Barua kama hiyo asingeiandika hata kwa dawa.

Basi akamwomba Revocatus waende wote. Aliomba vizuri, wakati wa chakula, na sato mezani. Nikasikia sufuria ikianguka, halafu yeye akipiga kelele. Ugali wa moto ulikuwa umemwagwa mapajani mwake.

"Unataka nikatobolewe mimi?" Revocatus alikuwa akiuliza. "Umeona nini kwangu? Sema! Umeona nini?"

Nilimpaka asali mapajani, na hapo ndipo nilipotoa wazo langu. Tena nililitoa nikicheka. Nikamwambia, "Wewe nawe, kuteseka kwa kujitakia. Si ukodi mume? Mimba ya Hilda wangu ilienda kliniki na baba wa kukodi. Muuza mkaa, mpaka leo tukikutana ananiitaga mke wangu." Na kweli, nje ya kliniki vijana wa kukodi hawakosekani. Unakaa naye benchi moja, anatoa jina lake, anapimwa, mnaondoka. Wanaume wetu wanagoma, na sisi tunataka huduma, tufanyeje?

Tukamchukua Jastin Machibya, kijana wa bodaboda wa kijiwe cha barabara ya juu. Alikuwa na miaka ishirini na tano, mwembamba, muoga wa sindano. Tulipatana naye kwa mafuta ya pikipiki na sahani ya wali kwa samaki. Alifua shati, akachana nywele, akawa anamwita Gaudensia "mke wangu" toka getini. Nilikaa nje kwenye benchi nikitamani kuwapiga picha.

Walikaa ndani muda mrefu. Jastin alitangulia kutoka, ameshika boksi la kondomu kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama Hilda, mimi sina," akaninong'oneza.

"Huna nini?"

"Virusi. Wamesema mimi sina." Akatazama chini. "Ila wameniambia nijikinge na mke wangu. Nirudi nipimwe tena baada ya miezi mitatu."

Nilielewa polepole. Jastin aliapa kwa mama yake kwamba hatasema, hata akichomwa moto. Nilimwamini, na hata sasa naamini aliapa kwa moyo wake wote.

Kosa letu nililiona baadaye, nikiwa nimelala macho. Maneno yote ya nesi Sara, jinsi ya kumlinda mwenzako, jinsi ya kumeza dawa mkikumbushana, jinsi ya kupima, yote aliambiwa Jastin. Mwanaume aliyepaswa kuyasikia alikuwa Makoko akishona nyavu. Kwenye karatasi za serikali Gaudensia alikuwa na mume mzuri, asiye na ugonjwa, anayefika kliniki. Nani angemtafuta mwingine?

Gaudensia hakuuliza ataishi miaka mingapi. Aliuliza habari ya mtoto tu. Sara akamwambia akimeza kidonge kimoja kila siku bila kuruka, mtoto anaweza kuzaliwa salama kabisa. Neno hilo alilibeba kama chakula. Kuanzia siku hiyo alikuwa na kazi moja duniani: kumeza kidonge kila siku saa moja jioni mpaka ajifungue, na Revocatus asijue. Kuondoka hakuweza. Angeenda wapi na tumbo, na dagaa angewapata kwa nani?

Dawa alizificha kwangu. Tulizitoa kwenye kopo lake kwa sababu vidonge hulia ukitikisa, tukazifunga kwenye kitambaa ndani ya debe langu la unga. Kila saa moja jioni Gaudensia aligonga mlangoni na kibakuli, akiazima chumvi. Mwezi ukiwa giza ilikuwa rahisi, Revocatus yuko ziwani au anajiandaa. Mwezi ukipevuka alikuwa amekaa mlangoni kwake, ametoa miguu nje.

"Chumvi gani hii kila siku?" aliuliza mara moja, akicheka kile kicheko chake. "Au mimi naliwaga na chumvi nikilala?"

"Mke wako anakoleza sana," nilimjibu. "Mimba ndiyo inataka."

Akacheka zaidi. Lakini siku ileile alimbana Gaudensia shingo ukutani kwa sababu chumvi haikuonekana kwenye mboga. Nilipiga ukuta kwa mwiko mpaka akamwachia. Kesho yake saa moja jioni Gaudensia alikuja na kibakuli, alama za vidole shingoni, akameza kidonge kwa shida na kunywa maji yote. Hakuruka hata siku moja. Miezi mitatu ilipita hivyo. Sara alimtoa damu ikapimwe wingi wa virusi, akamwambia majibu yatachukua wiki kadhaa.

Kilichotuangusha si dawa. Ni kadi ya kliniki.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, mwezi mpevu. Nilikuwa nimerudi kutoka mwaloni, naosha masufuria. Revocatus alikuwa anatafuta sindano ya nyavu chini ya godoro, na badala ya sindano akatoka na kadi. Aliisoma kwa sauti, amesimama katikati ya uwanja, neno kwa neno kama mtoto wa shule. Jina la mama. Umri. Alipofika kwenye jina la mwenza akaisogeza kadi machoni, akasoma, "Jastin Machibya."

Gaudensia alikuwa anageuza dagaa waliobaki kwenye nyavu uwanjani. Revocatus alimfikia kabla hajainuka. Alimvuta kwa nywele akamburuta juu ya dagaa, akampiga ngumi ya mdomo, ya jicho, ya sikio, bila kusema kitu. Hiyo ndiyo ilinitisha, ule ukimya. Gaudensia alijikunja kulizunguka tumbo, mgongo nje, akipokea. Safari hii sikwenda kwenye redio. Niliingia kati yao. Alinirusha kwenye pipa la maji, kifundo cha mkono kikalia, na nikaanza kupayuka.

"Ni wa kukodi! Revo, ni mume wa kukodi! Hata mimi nilikodigi! Wewe si ulikataa kwenda?"

Akasimama. Alikuwa anahema, ngumi zina damu. Akachukua kafi lililoegemezwa ukutani, akatoka nalo kuelekea barabara ya juu, kwenye kijiwe cha Jastin ambacho kila mtu alikijua. Na mimi, mjinga wa wajinga, nilijiona nimeokoa mtu. Nikachota maji nimwoshe Gaudensia uso. Simu yangu ilikuwa mfukoni na salio lilikuwepo, na sikufikiria kumpigia Jastin.

Ya kijiweni nilisimuliwa na Ryoba, dereva mwenzake Jastin. Revocatus alifika akampiga Jastin kafi la bega akiwa amekaa kwenye pikipiki, pikipiki na mtu wakaanguka pamoja. Akampiga la mkono, mfupa ukavunjika, Ryoba anasema alisikia. Watu walikuwa zaidi ya thelathini. Hakuna aliyesogea, kwa sababu ilishasemwa kwamba ni kesi ya mke wa mtu, na kesi ya mke wa mtu kwetu watu hawaiingilii.

"Umelala naye mara ngapi?" Revocatus aliuliza. "Mimba ni yako?"

"Sijamgusa, kaka! Nilienda tu kliniki!"

Kafi likainuliwa juu ya kichwa. Hapo Jastin, chini, mkono umening'inia, akalia kwa sauti ambayo hata muuza ndizi wa ng'ambo aliisikia.

"Ningemgusa ningekuwa nao! Nilipimwa pamoja naye! Mimi sina, yeye ndio anao! Nendeni mkamuulize nesi!"

Ryoba anasema kafi lilibaki juu. Halafu mtu mmoja akacheka. Revocatus akashusha kafi, akageuka, akaanza kurudi nyumbani akitembea taratibu. Jastin alibaki amekaa kwenye vumbi akijiziba mdomo kwa mkono mzima. Nilimchukia wiki nzima. Sasa simchukii. Kutokuwa na virusi ndio ushahidi pekee aliokuwa nao, na alikuwa anauawa.

Simu ilimtangulia Revocatus. Jirani mmoja alifika mbio akatuambia kilichosemwa. Nilimvuta Gaudensia chumbani kwangu, nikafunga komeo, nikasukuma meza. Tulimsikia Revocatus akija. Mlango wangu ni wa mbao nyepesi, ulivunjika kwa mateke matatu. Ndipo akaanza kuongea, na hakunyamaza tena.

"Umeniua! Umeniletea kifo ndani! Malaya wa mwaloni, umeniua!"

Alimpiga kafi la uso, taya likahama. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake, akanipiga kiwiko nikaona giza. Gaudensia alianguka chali. Alijitahidi kugeuka, nilimwona akijitahidi, mikono yote miwili tumboni, na Revocatus akamkanyaga hapo. Si mara moja. Debe langu lilipinduka, unga ukamwagika na kitambaa kikafunguka, vidonge vikatawanyika sakafuni. Revocatus akaviona. Alivitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Alisita, kisha akaendelea kukanyaga.

Waliomtoa ni wale wale wa kijiweni. Aibu iliwapata wakiwa wamechelewa, wakaja na pikipiki nane. Walimburuta nje wakampiga kwa mawe na minyororo, na mmoja akachomoa bomba la petroli. Nilitaka wamchome. Nayaandika hapa yasomwe: nilisimama mlangoni nikiwa na damu yake mdomoni, nikapiga kelele, "Mchomeni!" Gari la polisi lilifika kiberiti kikiwa kimeshatolewa.

Gaudensia alifanyiwa upasuaji jioni ileile. Mtoto alikuwa wa kiume, miezi saba na nusu, mzima viungo vyote, amekufa. Nilimshika mimi kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumshika. Nilimzika na Ryoba na katekista mmoja, na Jastin alisimama mbali na plasta yake, hatukumwita na hatukumfukuza.

Siku ya tano nesi Sara alikuja wodini na karatasi. Majibu ya damu yalikuwa yamerudi. Aliyasoma akiwa amesimama, halafu akakaa kitandani akaanza kulia. "Havionekani, mama. Virusi havionekani kabisa. Ulikuwa unameza vizuri. Angezaliwa salama." Nilitamani kumziba mdomo. Gaudensia, taya limefungwa waya, alinyoosha mkono akaomba karatasi. Aliisoma mwenyewe, mistari yote, akaiweka chini ya mto. Machozi yalimtoka upande wa jicho lililokuwa linafunguka.

Wiki iliyofuata niliitwa polisi kutoa maelezo. Nje, kwenye ngazi, alikaa mama mmoja mzee, kitenge kimefubaa, vumbi la safari miguuni. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama mimi ni mwenyeji wa hapa.

"Nimetoka Kibara na gari ya asubuhi," alisema. "Naitwa Adventina. Kijana wangu wamemfunga humu, Revocatus. Mimi naogopaga hawa polisi, mwanangu. Nisaidie kumpelekea hii."

Akanipa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na sabuni, mkate, na kopo jeupe. Nililitambua kabla sijaligusa. Nilikuwa nimemwaga vidonge kutoka kopo kama lile, miezi mitatu mfululizo. Lilikuwa na jina la Revocatus na tarehe.

"Anameza tangu lini, mama?"

"Mwaka wa nne huu. Anarukaga akiwa visiwani, ndiyo maana nimeleta mwenyewe. Akiruka atakufa. Mwambie asiruke." Akanishika mkono ule ulioteguka. "Una roho nzuri. Mungu akubariki."

Sikumwambia mimi ni nani. Nilisimama na mfuko ule na hasira ikanijaa. Pale kando kulikuwa na mtaro wa maji machafu. Miaka minne! Alijua alichonacho alipohamia na begi lake, alijua alipomwaga ugali, alijua alipokuwa akipiga kelele kwamba ameletewa kifo. Alivitambua vile vidonge sakafuni kwangu kwa sababu naye anameza hivyohivyo. Nilisogea hata ukingoni mwa mtaro. Halafu nikamwona yule mama amefumba macho, anasali, na nikaingia ndani nikampa askari mfuko, nikamwambia aandike kwenye maelezo yangu kila anachokiona kwenye kopo na tarehe zake.

Hospitali nilimweleza Gaudensia yote. Nilidhani atalia, au atanilaani kwa lile wazo langu la mume wa kukodi, nami nilikuwa tayari kulaaniwa. Hakulia, wala hakunilaani. Ilikuwa karibu saa moja jioni. Alichukua kidonge chake, nilichomsagia kwenye kijiko kama daktari alivyoelekeza, akakinywa na maji kidogo kidogo kupitia waya.

"Ile dawa yake," akasema kwa meno yaliyofungwa. "Ulimpa?"

"Nilimpa. Nisamehe."

"Umefanya vizuri, dada Bene. Kila mwezi mama yake akishindwa kuja, umpelekee wewe." Akapumzika, akameza mate kwa maumivu. "Asiruke hata siku moja. Nataka awe mzima siku nitakayosimama mahakamani."